Namna ya kupanga teren ya disiki golfu yenye inatesa hata bapro, hapa hapa Lubumbashi

Kintu ya kwanza yenye mutu anafanya akisikia kama bapro banakuya kucheza ku teren yake ni kuongeza mita. Anapima 150, anasema hapana, weka 180, weka 200, hapo batalia. Na miye nilifanya ile ile. Shimo yetu ya kwanza, huku njia ya Kasapa, ilikuwa uwanja wazi, nyasi fupi, hakuna hata muti moja katikati, mita 140 mbele kabisa, tukaandika pari 4 (maana mutu fundi angemaliza na mitupo ine bila kosa) na tukaona tumefanya kazi. Matokeo: mwenye mukono wa nguvu anaandika 3, mwenye mukono wa kawaida anaandika 3, mwenye amelala vibaya jana anaandika 3. Shimo ya vile imekufa. Unaweza kuitosha ku karatasi na mushindi atabakia ule ule, bantu batakuwa bametembea bure tu mu jua.

Kwa bale habajue muchezo, haraka haraka: unatupa disiki kutoka fasi ya kuanzia, unaifwata kwenye imeangukia, unatupa tena, mpaka iingie mu kikapo ya chuma yenye minyororo juu. Tunaita shimo hata kama hakuna mutu amechimba kitu. Mwenye mitupo kidogo njo anashinda. Mzee Ed Headrick wa kampuni ya Wham-O njo aliweka teren ya kwanza ya kudumu, Oak Grove, kule California, mu 1975, na 1976 akaanzisha PDGA, shirika yenye inaandika sheria mpaka leo. Disiki yenyewe inakuwa ya cm 21 na kitu hivi upana, gramu 150 mpaka 175 kawaida, na haiko moja: kuko za mbali, za katikati, na za kuingizia.

Sasa, mbele ya kugusa shoka ao kamba, weka hii mu kichwa: pro ndani ya mita 10 ya kikapo anaingiza mara mingi sana. Kati ya mita 10 na 20 anakosa mara mingi kuliko anaingiza. Njo maana kazi yako weye mwenye kupanga teren haiko kumuzuia asifike, atafika tu, mukono wake unatupa mita 120 na zaidi na disiki inasikia. Kazi yako ni kufanya ule mutupo wa mbele ya kuingiza ukuwe njo unaamua kama atakuwa mita 5 ao mita 15. Kama alitupa vizuri ku mwanzo, apate njia ya wazi. Kama alitupa ovyo, asikufe, hapana, lakini apate pembe mbaya, aanze kufikiri. Pro mwenye anafikiri njo pro mwenye anakosa.

Mufano. Pari 4 ya mita 215. Pro anatupa 115 ya kwanza, inabakia 100. Weka kikapo nyuma kidogo ya kichuguu kwa mukono wa kuume, na ku fasi ya kuangukia acha upana wa mita 25 hivi. Mwenye anaangukia upande wa kushoto anaona kikapo yote. Mwenye anaangukia kuume anaona kichuguu tu na bendera. Kisha huo upande wa kushoto, wenye uko muzuri, weka ule karibu na kamba ya inje, ile yenye inalala chini na ukiipita unaongezewa mutupo moja. Sasa ameshaanza kuchagua: nikose salama ao nitafute pembe? Hapo hata ungefupisha shimo na mita 20 itabakia ngumu.

Lakini bapro habako hapa, utasema. Tutapima namna gani kama shiye bote tunatupa mita 80? Hii swali ilitusumbua, na jibu ni ya bure. Usitupe kutoka mwanzo. Tembea na disiki zako mpaka kwenye ya pro ingeangukia, pale mita 115, simama upande muzuri, na kama 100 ni mbali kwa mukono wako sogea kidogo ku pembe ile ile, tupa disiki 20 kuelekea kikapo, hesabu ngapi zimelala ndani ya mita 10. Andika. Kisha enda upande mubaya, umbali ule ule, tupa tena 20. Tuseme upande muzuri umepata 11 na upande mubaya 10. Basi mutupo wa kwanza hauna maana yoyote pale, panga upya. Ukipata 11 na 4, uko na shimo. Ukipata 11 na 0, umezidisha, pale unaazibu, haupime.

Kisha mukishacheza mara mingi, angalia karatasi. Tuseme mu michezo 20 shimo moja ya pari 3 inatoa 2 mara ine, 3 mara kumi na ine, 4 mara mbili. Wastani 2.9, inaonekana sawa, lakini 14 kwa 20 ni namba moja, shimo inalala. Musogeze kikapo, mucheze tena 20: 2 mara sita, 3 mara saba, 4 mara tano, 5 mara mbili. Wastani 3.15, haukubadilika sana, lakini sasa namba zimetawanyika na shimo inatenganisha bantu. Miye ninaangaliaka ile kutawanyika tu, wastani haunisumbue. Na kuko jicho ingine ya kuweka: je, wenye banapata 2 ni bale bale wenye banashindaka jumla? Kama mutoto mwenye ameanza juzi anapata 2 sawa na mukubwa wenu, na mukubwa anaandika 5, ile shimo inatawanya, ndiyo, lakini inatawanya sawa tombola. Miti mingi mingi bila njia inaletaka hii. Disiki inapiga muti, inaruka kwenye inataka, na unaita ile ugumu.

Haya, tuingie mu udongo wa kwetu.

Lubumbashi ni tambarare. Bantu ba Bukavu beko na milima, beko na ziwa, shiye tuko na vichuguu, na ninawaambia vichuguu ni mali. Kuko yenye inapita urefu wa nyumba. Moja karibu na fasi ya kuanzia, upande wa kushoto, inamulazimisha mutu aizungushe kuume kwanza. Kumbuka: mutu wa kuume akitupa nyuma ya mukono (mukono unavuka kifua), disiki inamalizia kushoto, akitupa mbele ya mukono (mukono uko pembeni, kiganja mbele) inamalizia kuume. Bantu mingi beko ba kuume, kwa hiyo teren yenye mashimo yote yanapinda kushoto ni zawadi kwao. Changanya. Tatu kushoto, tatu kuume, tatu za mustari, kwa teren ya mashimo 9, na usizifwatanishe.

Juu ya kichuguu yenyewe kuweka kikapo ni tamaa, najua, picha inakuwa muzuri. Lakini kichuguu yenye mutelemko mukali inarudisha disiki, inasimama na pembeni yake, inatembea mita 20 yenyewe, na hapo umerudi mu tombola. Chagua fupi, yenye kichwa pana, ama sawanisha kichwa na jembe. Na ulize mwenye kiwanja mbele, juu udongo wa kichuguu njo bantu banachomaka nao matofali. Shiye tulikuwa na kichuguu moja ya ajabu ku namba 6, tulipanga shimo yote kuizunguka, tukarudi kisha miezi mbili, kichuguu imegeuka nyumba ya mutu. Nyumba muzuri, sisemi kitu.

Majira. Hapa teren moja ni teren mbili. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi udongo mwekundu unakuwa kama simenti, disiki ikigusa inateleza mita 10, 15, na pro mwenye anajua kutupa ya kubilingika, ile yenye disiki inatembea chini sawa jante ya velo, anaweza kupita vichuguu vyako vyote bila kuruka hata kimoja. Mara ya kwanza nimeona mutu anafanya ile ku teren yetu nilicheka, kisha nikaona amefika mita 150 na nikaacha kucheka. Dawa yake si ukuta. Weka kamba ya inje kwa kukata njia ya chini, kwa mushazari, ao acha nyasi ndefu upana wa mita 5 katikati ya njia, wa hewani hatasikia kitu, wa kubilingika atafikiri mara mbili. Wakati wa mvua, mwezi wa kumi na moja kuendelea, mambo yanageuka: udongo unanasa, disiki inabakia kwenye imegusa, lakini nyasi zinapanda mpaka kifua na unapoteza disiki. Sheria inakupa dakika 3 za kutafuta, kisha unaongezewa moja na unarudi kwenye ulitupia. Kwa ile sababu panga fasi mbili za kikapo kwa kila shimo. Ya kiangazi isikae karibu sana na kamba, juu kuteleza kutatosha inje hata mutupo muzuri. Ya mvua unaweza kuisukuma mpaka mita 4 ya kamba, pale sasa ni haki, disiki inasimama.

Na hewa. Tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo. Disiki inapata kushikwa kidogo na hewa, inakataa kugeuka vile inageukaka kule chini ku bahari, inamalizia mapema na kwa nguvu. Mugeni mwenye ametoka fasi ya chini atashangaa siku ya kwanza, disiki yake ya kuaminika inaanguka kushoto mita kazaa mbele ya hesabu. Hii haiko hila, mupe tu siku moja ya kujaribu. Upepo njo hila. Wa mbele unainua disiki na kuigeuza, wa nyuma unaikandamiza chini. Kiangazi upepo wetu unatoka sana upande wa mashariki na kusini, basi shimo ndefu moja uielekeze kule na ingine uipe mugongo, mutu asipite teren yote na disiki moja.

Kama kiwanja yako iko wazi kabisa, hakuna kichuguu, hakuna muti, usilie. Angalia Winthrop, kule Rock Hill, South Carolina, kwenye banachezaka shindano kubwa la Marekani tangu 1999. Ni uwanja wa chuo, mashimo mingi ni nyasi na ziwa, na wenye kupanga bameutesa ulimwengu na kamba tu. Kamba chini, ukipita ni inje, moja juu. Shimo yao ya 17 iko kama kisiwa yenye imezungukwa na marobota ya nyasi kavu, ukikosa kisiwa unaongeza na unatupa tena. Kamba ya nailoni ku soko haiko bei. Lakini kipimo: mutu mwenye amekosa kwa mita 1 na mwenye amekosa kwa mita 30 banaazibiwa sawa, kwa hiyo kamba ku mashimo yote 18 inachosha na inapima woga tu. Miye naweka ku 5 ao 6.

Pari sasa, juu watu banagombanaka sana. Pari ni namba yenye mutu fundi angeandika akicheza bila kosa, hewa ya kawaida. Njia ya haraka: hesabu mitupo ya kufika karibu na kikapo, ongeza 2. Pari 3 ya bapro mu wazi inaweza kufika mita 120, pari 4 inaanza kupita 150 hivi lakini miti ao pembe inaweza kuifupisha, pari 5 ni 270 na zaidi. Mu wazi 140 inaliwa na 3 bila jasho, tumeshaona. Usijaze pari kwa kiburi. Mu 2018, ku teren ya Toboggan kule Michigan, pro Paul McBeth aliandika 18 chini ya pari mu mashimo 18, na ile ni teren yenye bantu banaheshimu. Teren haikuharibika. Kama wengine wote siku ile beko nyuma yake kwa mitupo mingi, teren ilifanya kazi yake: ilimutofautisha.

Kupima teren yako yote na retingi, namba yenye PDGA inapatia kila mchezaji kufwata matokeo yake, inasaidia. Mchezaji wa retingi 1000 njo kipimo cha sufuri, na pointi 10 ni karibu mutupo moja mu mashimo 18 (teren ikikuwa ndefu na ngumu mutupo moja unabeba pointi kidogo kuliko hapo). Basi tuseme mutu wa 1000 anaandika 60 kwako, wa 1040 atazunguka 56, na weye wa 880, samahani ndugu yangu, 72. Ukiona bote tatu bamekutana ku 62, 63, 64, rudi ku karatasi za kila shimo utafute zenye zimekufa.

Vikapo. Sudere yoyote wa komini ya Kenya ao Katuba, hapa Lubumbashi, atakufanyia: tuyo moja, jante mbili za velo kubwa na ndogo, minyororo, bakuli ya fito. Mudomo wa bakuli ukuwe kama cm 80 kutoka chini. Mwambie papa sudere aweke minyororo safu mbili, ya inje na ya ndani, moja tu disiki inapita katikati kama mulango wazi. Rangi ya njano ku mukanda wa juu. Na simenti ku shimo ya tuyo, tuyo ndogo ndani ya tuyo kubwa, na kadena. Sisemi kadena juu ya mapambo. Vikapo vyetu vya kwanza vililala inje usiku mbili, asubuhi ya tatu minyororo yote imeshaenda ku mitraye, wenye kununua chuma kwa kilo. Bakuli balituachia. Fasi ya kuanzia tulimwaga simenti mita 1.5 kwa mita 3 na nusu, iko na ukali kidogo usiteleze mvua ikinyesha, na ile hakuna mutu ameiba bado.

Usalama nitasema kidogo lakini usichezee: shimo isikate njia ya miguu. Na kama inapita karibu, munangoja. Siku moja papa wa makala alisimamisha velo yake yenye mifuko mine, akatuangalia. Tukamwambia, "Papa, pita kwanza, tunangoja." Akajibu, "Aksanti, batoto. Lakini zile sahani munatupa, munakulaka mu nini?"

Siku ya shindano yenyewe. Vikundi vya bantu 3 mpaka 5, tatu ao ine ni muzuri zaidi. Kila kikundi karatasi, na mwenye kuandika anauliza namba kwa sauti kisha kila shimo, na mutu mwingine anaandika yake ya pili mulinganishe. Ukitoa karatasi yenye namba ya uongo, hata kwa bahati mbaya, unaongezewa 2. Ukichelewa na kikundi kimeanza, shimo yenye umekosa inaandikwa pari na 4 juu. Sekunde 30 za kutupa ikifika zamu yako, mara ya kwanza onyo, kisha moja juu. Ndani ya mita 10, ukiingiza, usiangukie mbele ya alama yako mbele ya kusimama sawa. Ukipita upande mubaya wa muti wenye tumesema ni lazima, moja juu na unaenda fasi ya kutupia tena. Na mwembe: disiki ikikwama juu ya mita 2 haina azabu yenyewe, mpaka mwenye kuongoza shindano atangaze ile sheria mbele ya kuanza. Tangaza ao usitangaze, lakini amua asubuhi, usingoje mutu akwame njo uanze kutafuta kitabu.

Kisha ya hesabu, kama jua iko bado na bapro hawajachoka, tunafanyaka ingine ya kujifurahisha. Mashimo 9, kila shimo na zawadi yake, mukifungana zawadi inahamia shimo yenye inafwata. Na ku mashimo tatu tunasimamisha vikapo mbili, moja karibu na moja ya mbali nyuma ya kamba. Mbele ya kutupa kila mutu anasema kwa sauti anaenda ku gani, na wa mbali anatoshewa moja ku namba yake. Haiko mu sheria ya PDGA, usiipeleke kwao. Lakini pale njo utaona mutu wa 1000 anasimama dakika nzima anaangalia mita 90, zawadi ya shimo tatu imekusanyika, na disiki yake anaipangusa ku shati mara ya ine. Onyo ya sekunde 30 pale hatumupe, tunamwachia tu.

Giza ikianza, vikapo mu tuyo munavuta, kadena munafunga ku mulango, na kamba munazungusha ku mukono kutoka shimo ya 9 kurudi ya kwanza, isifungane.